Kuandika kwa kutamka: dakika kumi za kusema, saa nzima ya kusafisha

Makala nyingi za Kiswahili hufia vidoleni. Mtu anayeweza kukaa kibarazani Magomeni akakueleza nusu saa namna ya kuchagua kiwanja kisicho na mgogoro, nawe usiinuke, mpe kibodi uone. Anaanza: "Katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia, suala la ardhi limekuwa ni changamoto kubwa kwa jamii yetu." Msomaji wake yuko ndani ya mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba, kidole gumba cha mkono wa pili kiko juu ya skrini. Sentensi hiyo haijafika mwisho, kidole kimeshasogea.

Tathmini hii inahusu dawa moja inayopendekezwa sana kwa ugonjwa huo: kuandika kwa kutamka. Vinavyopimwa ni viwili, maikrofoni ya Gboard, kibodi ya Google, kwenye simu ya Android, na kuandika kwa kutamka ndani ya Google Docs kwenye kompyuta, vyote vikiwa vimewekwa Kiswahili. Kiswahili kiliingia kwenye utambuzi wa sauti wa Google Agosti 2017, katika kundi la lugha zipatazo 30 zilizoongezwa kwa mkupuo, Kiamhari kikiwemo. Kwa hiyo si kitu kipya. Ila wengi bado wanakitumia kujibu ujumbe tu, hawajawahi kukipa kazi ya maneno elfu moja.

Alama: kwa rasimu ya kwanza, 7 kati ya 10. Kwa kukupa makala iliyo tayari kusomwa na mtu asiyekujua, 3. Tofauti ya hizo alama nne ni kazi ya mikono, na ndiyo sehemu kubwa ya maelezo haya.

Kuiweka sawa

Kosa la kwanza hutokea kabla hujafungua mdomo. Kuongeza kibodi ya Kiswahili hakumaanishi kwamba maikrofoni nayo imehamia Kiswahili. Ni mipangilio miwili. Ndani ya Gboard fungua mipangilio, ingia kwenye lugha, ongeza Kiswahili na uchague cha Tanzania; kisha rudi nyuma uingie kwenye sehemu ya kuandika kwa kutamka uhakikishe lugha ya sauti nayo ni hiyohiyo. Ukiacha sauti kwenye Kiingereza, utasema "mama mwenye nyumba" na skrini itakuletea maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Wanaosema "haijui Kiswahili" wengi wamekwama hapo.

Kwenye kompyuta njia ni fupi zaidi. Fungua hati ndani ya Google Docs kwa kivinjari cha Chrome, nenda menyu ya zana, chagua kuandika kwa kutamka, au bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Kidirisha cha maikrofoni kikitokea, badilisha lugha juu yake kabla ya kuibonyeza. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kutumia maikrofoni. Ukikataa kwa bahati mbaya, ruhusa hiyo unairudisha kwa kubonyeza alama iliyo kando ya anwani ya ukurasa.

Kati ya hivi viwili, cha kompyuta ndicho kinachofaa kwa makala. Maikrofoni ya simu hupenda kujizima ukinyamaza sekunde chache, na mtu anayefikiri hunyamaza. Unajikuta unasema aya nzima kwa skrini iliyolala. Ile ya Docs inavumilia kimya zaidi. Asiye na kompyuta asikate tamaa, lakini azoee kutupia jicho alama ya maikrofoni kila baada ya sentensi.

Jambo jingine la kujua mapema: nukta na mkato hutaamuru kwa sauti. Ndani ya Docs, alama za uandishi kwa kutamka zinakubali lugha chache tu, kama Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na amri za kuhariri kwa sauti ni za Kiingereza pekee. Ukisema "nukta" kwa Kiswahili, linaandikwa neno nukta. Kuna wanaoligeuza hilo kuwa ujanja: wanatamka "nukta" kila mwisho wa sentensi, halafu wanatumia kutafuta na kubadilisha ili kila "nukta" iwe alama yenyewe. Inafanya kazi, ingawa herufi kubwa bado utaziweka mwenyewe. Lakini ujanja huo unaua kilekile ulichokifuata. Mtu anayesema "nukta" mara arobaini haongei tena, anaamuru. Afadhali ubonyeze kitufe cha kushuka mstari kila unapobadili hoja, na nukta uziache kwa baadaye.

Mahali pa kusemea

Dar si mji wa kimya. Feni ya dari inayozunguka juu ya kichwa chako ni adui mbaya kuliko bodaboda ya barabarani, kwa sababu bodaboda inapita na feni haipiti. Izime kwa dakika tatu, useme, uiwashe. Chumba chenye pazia, kitanda na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko sebule ya vigae inayorudisha mwangwi. Gari lililoegeshwa na kufungwa vioo ni studio kamili, kwa muda ambao joto litakuruhusu. Upepo wa Coco Beach ni mzuri kwa kila kitu isipokuwa hiki.

Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, na pembeni kidogo ili pumzi ya herufi p na b isiigonge. Hedifoni za waya zenye maikrofoni, zile za bei ya chini za Kariakoo, zinatosha kabisa, mradi kile kitufe cha katikati kisisuguane na kola ya shati. Zile za bluetooth mara nyingi huvunja moyo: simu inapofungua maikrofoni yake, ubora wa sauti hushuka, na kinachofika kwa mtambuzi ni sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Mtandao ukiyumba katikati ya sentensi, maneno hupotea na hayarudi. Usitegemee kurekodi pembeni kwa programu nyingine kama akiba. Simu nyingi hazikubali programu mbili zishike maikrofoni kwa wakati mmoja. Akiba yako ni karatasi. Andika maneno matano tu, neno moja kwa kila hoja, uiweke mbele yako. Ukikatika, unajua ulikuwa wapi.

Unaongea na nani

Hapa ndipo chombo kinapolipa au kinapokula hasara, na hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia. Mswahili akishika maikrofoni ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya hotuba: "Awali ya yote, napenda kuchukua fursa hii..." Ya pili ni ile anayoitumia akimtumia shangazi ujumbe wa sauti kumwelekeza nyumba: "Ukishuka Kimara Mwisho usivuke, baki upande huohuo, utaona duka la dawa, mwulize yule kijana." Ya pili ina kila kinachotakiwa kwenye makala. Ina msomaji anayejulikana, ina kitu cha kufanya, ina alama za kuonekana kwa macho, haina sentensi ya mapambo. Simu haijui tofauti ya sauti hizi. Ukiipa hotuba itaandika hotuba, kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, chagua mtu mmoja. "Vijana wa Kitanzania" hao si mtu. Chagua binamu yako aliyehamia Mbagala mwezi uliopita na hajawahi kununua samaki mwenyewe. Andika jina lake juu ya ile karatasi, na swali moja ambalo angekuuliza kwa maneno yake. Swali likihitaji "na" katikati, hizo ni makala mbili.

Sema kwa mafungu ya dakika tatu, si dakika kumi mfululizo. Ukisema maneno mia moja kwa dakika, mafungu matatu na ushee yanakupa elfu moja, na hiyo ni rasimu inayotosha. Kiswahili kina neno kama "hatukuwaambia" ambalo Kiingereza kinalitumia maneno matano, kwa hiyo usipime urefu wa makala yako kwa vipimo vya kule. Maneno 650 ya Kiswahili yaliyokatwa vizuri yamebeba mengi. Baina ya fungu na fungu, simama, kunywa maji, tazama karatasi. Usisome kilichoandikwa. Ukianza kusoma utaanza kusahihisha, na ukianza kusahihisha sauti ya hotuba inarudi.

Wanaochanganya lugha wanapata taabu ya ziada. Maikrofoni iliyowekwa Kiswahili ikikutana na neno la Kiingereza hulilazimisha liwe la Kiswahili, na matokeo yake huwezi hata kukumbuka ulimaanisha nini. Neno likikukwama, sema neno moja la ajabu ambalo haliwezi kutokea kwenye makala yako, kwa mfano "parafujo", uendelee. Baadaye unatafuta kila parafujo na kuweka neno sahihi ukiwa na kamusi mkononi. Isipokuwa kama unaandika kuhusu useremala.

Kilichotoka, kama kilivyotoka

Chukua mfano wa makala ya namna ya kununua samaki mbichi Soko la Feri. Aya iliyoandikwa kwa kibodi na mtu anayelijua soko lile huwa hivi: "Ni muhimu kuhakikisha kwamba samaki unayemnunua yuko katika hali nzuri ya ubora kwa kuzingatia vigezo mbalimbali." Haina kosa. Haina samaki pia.

Sasa hii ni namna ya kitu kinachotoka kwenye maikrofoni kwa hoja hiyohiyo:

"ukifika feri usikimbilie samaki wa kwanza unayemuona zunguka kwanza yaani zunguka uone kila mahari wanauzaje halafu angalia macho macho yakiwa yamezama achana naye kabisa fungua shavu ndani pawe pekundu sio kahawia unajua wengine wanamwagia maji hili aonekane mbichi kwa hiyo bonyeza kwa kidole nyama ikirudi huyo wa leo isiporudi yaani shimo likabaki huyo kalala na aliyelala bei yake sio ya mbichi"

Kwa macho ni fujo. Lakini soma kwa sauti usikie. Kuna macho, kuna shavu, kuna kidole, kuna shimo. Na kuna neno moja ambalo kibodi isingelitoa kamwe: "kalala". Ugali hulala, maharage hulala, na samaki wa jana naye kalala. Hilo ni neno la jikoni, kila mtu analo mdomoni, na karibu hakuna anayeliandika. Neno la namna hiyo likitokea mara tatu kwenye makala, msomaji anaanza kukuamini. Ndiyo sababu ya hizo alama saba.

Baada ya kusafisha:

"Ukifika Feri, usikimbilie samaki wa kwanza. Zunguka usikie bei. Macho yakiwa yamezama, achana naye. Fungua shavu: ndani pawe pekundu, si kahawia. Maji yasikudanganye, ndoo moja humng'arisha hata wa jana. Bonyeza kwa kidole. Nyama ikirudi, huyo wa leo. Shimo likibaki, kalala, na aliyelala hauzwi bei ya mbichi."

Hakikuongezwa kitu isipokuwa ile ndoo. "Yaani" mbili zimeondoka, "unajua" imeondoka, "macho macho" imebaki moja. Sentensi zimekatwa pale msemaji alipovuta pumzi, si pale sarufi inapokubali. Na yameondoka makosa mawili ambayo huenda hukuyaona.

Makosa yasiyoonekana

Rudi juu. "Mahari" na "hili". Msemaji alikusudia "mahali" na "ili". Hapa ndipo penye hatari ya kweli ya chombo hiki, na ndipo wengi wanapoaibika hadharani. Anayechapa kwa vidole hukosea herufi, na kosa lake linaonekana kwa sababu neno limeharibika. Mtambuzi wa sauti yeye hukosea neno zima: anachukua neno halali, lenye tahajia safi, lisilo lako. Kikagua tahajia hakina la kusema. Macho yako nayo yanapita juu yake, maana yanaona neno linalojulikana.

Kiswahili kina jozi nyingi za kutegea mtu, na matamshi ya Dar yanazichochea. Anayedondosha h atapata "ana" pale alipotaka "hana", na hapo sentensi imegeuka kinyume: mpangaji ana deni, mpangaji hana deni. Atapata "ajali" kwa "hajali". Anayeongeza h anapata "hili" kwa "ili". Wanaochanganya l na r watapata kula na kura, fahali na fahari, na kama tulivyoona, mahali na mahari. Wanaotamka dh kama z watasoma "zana" walipotaka "dhana". Wanaotamka th kama s watauza "samani" badala ya "thamani", na makala ya benki ya mtu inageuka kuwa ya duka la vitanda vya Keko.

Dawa yake si kusoma kwa makini, kwa sababu umakini ndio unaodanganywa. Jiwekee orodha fupi ya jozi zinazolingana na ulimi wako mwenyewe. Mtu wa l na r hana haja na orodha ya mtu wa h. Kisha tafuta neno moja moja ndani ya hati, uone kila lilipotokea. "Ana", "hana", "ili", "hili" ni lazima kwa kila mtu. Kazi ya dakika nne.

Majina ya mahali huja na herufi ndogo, na mengine huja yamegeuzwa. Mbagala Rangi Tatu inaweza kukutokea na tarakimu 3. Gongo la Mboto hukatwa vipande. Yasome moja baada ya jingine. Bei ni vivyo hivyo: "laki mbili na nusu" inaeleweka vizuri mdomoni, lakini kwenye makala iandikwe Sh 250,000, kwa sababu kuna msomaji atakayeipita haraka akabaki na laki mbili. Saa usiziache uchi. "Saa nne" iandamane na asubuhi au usiku, hasa ukijua kwamba mtu atainakili kwenye kalenda ya simu inayohesabu kizungu.

Kuhusu maneno yanayotengana na yanayoungana (kwa nini, kwa hiyo, kwa sababu), chombo kinaandika kinavyotaka siku hiyo. Fuata Kamusi ya Kiswahili Sanifu, au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, chagua moja ukae nayo. Msomaji husamehe chaguo, hasamehi kuyumba.

Kukata

Rasimu ya kusema ina mpangilio wake wa ajabu ambao ukishaujua unakurahisishia kazi. Mwanzo ni kupasha moto. Sentensi tatu hadi tano za kwanza msemaji bado anatafuta mlango. Zifute bila huruma, na mara nyingi utakuta sentensi ya sita ndiyo ufunguzi. Kipimo ni kumsomea mtu aliye karibu. Akisema "ee, halafu?" umefika.

Mwisho nao una siri. Baada ya kumaliza hoja zote, msemaji huongeza: "Aa, halafu kuna kitu nilisahau." Kitu hicho, mara nyingi kuliko unavyodhani, ndicho msomaji alichokifuata. Kwenye makala ya samaki ni kwamba upatane kabla hajaparuliwa, kwa sababu akishakatwa vipande hakuna tena wa kumbonyeza. Kipandishe juu. Kiwe aya ya pili.

Katikati, tafuta vichaka vya mazungumzo: yaani, unajua, kiukweli, kwa hiyo, pale, sasa. Usivifyeke vyote. "Yaani" moja inayotangulia ufafanuzi mkali ni kiungo. Ya pili katika aya hiyohiyo ni takataka. Halafu angalia vile vichaka ambavyo havikutoka mdomoni bali vinaingia wakati wa kusafisha, mtu anapotaka kuonekana msomi. "Samaki ambaye amelala" ni "samaki aliyelala". "Kufanya malipo" ni kulipa. "Imekuwa ni" ni "ni". "Suala la usafi" ni usafi. Kila moja inakula neno moja au mawili, na kwenye makala ya maneno elfu moja hayo ni aya nzima.

Lengo la kushuka kutoka 1,000 hadi 650 linaonekana kali, lakini kwa rasimu ya kusema ni kawaida, maana mdomo hurudia ili masikio yashike, na macho hayahitaji kurudiwa. Aya zisizidi maneno 60 au 70. Zaidi ya hapo, kwenye simu ndogo msomaji anaona ukuta. Rasimu ikikataa kushuka chini ya 850, si kwamba una mengi ya kusema. Una makala mbili, rudi kwenye lile swali lenye "na".

Wapo wanaochukua rasimu hii wakaikabidhi kwa programu ya akili unde iwawekee nukta. Kwa nukta inafaa. Lakini isome kwa macho yako kabla ya kuikubali, kwa sababu programu hizi zinapenda kusafisha hadi ngozi: "kalala" inageuka "si mbichi", na ule mwanzo wa sayansi na teknolojia unarudi kwa mlango wa nyuma. Iagize iweke alama tu, isibadilishe neno, kisha uhesabu maneno kabla na baada. Idadi ikibadilika, imekuongopea.

Gharama na mipaka

Programu zenyewe ni za bure. Unacholipia ni bando, na sauti ya dakika kumi hailingani na video ya dakika kumi. Betri ndiyo inayoumia zaidi, skrini ikiwa imewashwa na mtandao unafanya kazi.

Kinachohitaji tahadhari ni kilichomo ndani ya maneno. Kwa kawaida sauti yako husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni ili itambuliwe. Kama makala yako inatokana na mahojiano, usitamke jina kamili la mtu, namba yake ya simu wala ugonjwa wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mwenye siri yake hakukubali isomwe kwa sauti kwenye gari lako. Mwite "mama wa Tabata" kwenye rasimu, jina uliweke kwa vidole mwishoni, kama ana idhini ya kutajwa.

Chaguo jingine la mjini ni kurekodi na kumpelekea mchapaji wa duka la steshenari, wale wanaolipwa kwa ukurasa. Mchapaji mzuri anazijua mahali na mahari, na kwa mtu mwenye rekodi ya saa mbili ya mahojiano yenye watu watatu, mtambuzi wa sauti hamfikii hata kidogo. Sauti zikipandana hiki chombo huchanganyikiwa. Kwa makala ya mtu mmoja anayesema peke yake, hakuna sababu ya kulipa.

Asiyefaa kukitumia kabisa ni yule mwenye makala ya tarakimu tupu, kama viwango vya kodi au vipimo vya nondo. Huko kila tarakimu itahitaji kuhakikiwa mara mbili, na vidole vingekuwa vimeshamaliza.

Baada ya kusafisha, geuza kazi: simu ndiyo iseme, wewe usikilize. Android ina huduma ya kusoma maandishi kwa sauti ndani ya mipangilio ya ufikivu, na sauti ya Kiswahili imo. Matamshi yake ni makavu, na ukavu huo ndio unaokufaa, kwa sababu hauifichi sentensi mbaya kwa lafudhi nzuri. Panapokosekana nukta utasikia, itapita bila kupumua. "Mpangaji ana deni" utaisikia hata kama macho yaliipita mara nne. Kaa na kalamu, andika tu aya ya ngapi, usiisimamishe.

Kichwa cha muda cha makala, tuseme "Samaki Feri", kimekaa juu ya hati tangu mwanzo. Sasa ndipo kinabadilishwa. Injini za utafutaji hukata vichwa virefu, kwa hiyo kisizidi herufi 60 hivi, na maneno yenye uzito yatangulie. Lichukue lile neno lililotoka lenyewe mdomoni: "Samaki aliyelala: mjue kwa kidole kimoja". Herufi 40, nafasi na alama zikihesabiwa.